Transista Mbili za Mzee Kivuti

Makutano, Meru
Jumapili, 14 Agosti 1994

Kwa kaka yangu Kirimi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa Mama. Natumaini barua hii itawakuta wewe, Nelius na watoto mkiwa wazima huko Embu, na kwamba kile kikohozi cha mtoto mdogo kilichowakosesha usingizi wakati wa Pasaka kimekwisha kabisa. Sisi huku hatujambo, ila baridi. Wewe umezoea joto la Embu mpaka ukija nyumbani unavaa sweta mbili kama mgeni, lakini mwaka huu hata sisi wenyeji tumekoma. Kule nyumbani Githongo ukungu haujaondoka tangu Juni, kahawa imekawia kuiva, na mbuzi wa Mama wanakataa kutoka zizini mpaka wasukumwe.

Mama anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua akipanda kile kilima cha kwenda kanisani, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza ni nani atakayechuma kahawa yake. Amenituma nikukaripie kwa sababu barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulikuwa wa anwani. Basi chukulia kwamba nimekukaripia. Mimi niko likizoni. Nimemaliza kusahihisha mitihani ya fizikia ya Kidato cha Tatu, na wasichana wangu watatu wamepata alama ambazo mimi katika umri wao sikuziota. Nilifurahi siku nzima.

Sasa niache kuzunguka. Hii ni mara ya nne kuanza barua hii tangu nitoke misa asubuhi, na zile tatu nilizichana kabla sijapita habari za goti la Mama. Nakuandikia juu ya Mzee Kivuti. Najua uliapa jina hilo lisitajwe mbele yako, nami kwa miaka kumi na mmoja nimekutii bila kinyongo. Leo nakuomba usome mpaka mwisho. Mzee anafunga duka. Mwisho wa mwezi huu yeye na mkewe Rwamba wanarudi kwao Siakago, Mbeere, na kabla hawajafika kwao anataka kupitia Embu, nyumbani kwako, Jumamosi tarehe 27, akuombe msamaha kwa zile transista mbili zilizoharibu amplifaya yako. Ameniomba mimi nimwonyeshe njia. Kuna jambo ambalo lazima ulijue kabla mzee huyo hajaketi kwenye kiti chako, na wa kukuambia ni mimi tu.

Duka lile ulilijua kabla yangu. Wewe ndiye uliyenipeleka mara ya kwanza, nikiwa darasa la saba, nikikubebea spika uliyoiokota kwa mwalimu mkuu. Nakumbuka nilivyoshangaa kwamba mahali pembamba vile, kati ya kinu cha posho na fundi wa nguo, paliitwa duka. Hapakuwa na kibao, ila redio mbovu iliyoning'inizwa mlangoni kwa waya. Ndani, ukuta mzima ulikuwa viberiti, mamia ya viberiti vilivyogundishwa pamoja kuwa droo, na mbele ya kila kimoja mzee alikuwa ameshonea kwa uzi kifaa kilichokuwa ndani, rezista hapa, kapasita pale, ili hata asiyejua kusoma aonyeshe kwa kidole. Kaunta aliipaka rangi nyeusi kama ubao wa shule, na chaki ziko kwenye kikopo. Ukitaka kununua ilibidi kwanza uchore unachotengeneza. Ukikosea mstari, aliyesimama nyuma yako kwenye foleni alikusahihisha, na mara nyingi yeye pia alikuwa amekosea, kukawa na ubishi mpaka chai ikachemka.

Na ni watu wa aina gani waliokuja pale! Karani wa kiwanda cha kahawa aliyetaka kengele ya kumwamsha maji yakijaa kwenye tangi. Askari wa redio za polisi ambaye kazini alikatazwa kufungua chochote, basi siku zake za mapumziko alikuja kufungua kila kitu. Yule muuza nyama, Mbaka, aliyetaka taa ya kupepesa juu ya mizani yake, na alipoipata wateja wakalalamika kwamba hawaoni tena mshale. Hakuna aliyekuja kwa sababu ya shida. Kitu kizima wangeweza kukinunua mjini kikiwa ndani ya boksi lake. Walitaka kukitengeneza wenyewe, wakose, warudi, wachukue rezista moja tu, moja, ifungwe kwenye kipande cha karatasi ya daftari, wakajaribu tena. Mzee Kivuti hakuwahi kumkunjia uso mtu wa rezista moja.

Kwangu mimi palikuwa zaidi ya hapo, na sijawahi kukueleza. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza niliingia duka moja kubwa la vifaa vya umeme mjini kutafuta kapasita. Yule muuzaji hata hakutazama karatasi yangu. Aliniuliza nimetumwa na nani, kisha akaniambia nikamwite kaka yangu. Nikatoka pale machozi yakinilenga, nikashuka mpaka Makutano. Mzee Kivuti aliichukua ile karatasi, akaigeuza, akaweka miwani, akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha Mbeere, "Wewe msichana, hii kitu unatengeneza, unataka ifanye nini?" Basi. Hakuuliza ya nani. Nilisimama pale nikaeleza kwa nusu saa, na Rwamba akaniletea chai kwenye kikombe cha bati. Tangu siku hiyo sijui kama imepita wiki ya mapumziko ambayo sikufika pale.

Na unaikumbuka ile chupa ya chai. Joto ndilo lilikuwa mtihani wake. Alikuwa akisema transista nyingi huonekana nzima zikiwa baridi, ukizipima kwa mita zinakujibu vizuri, lakini zikipata moto kazini zinakufa. Kwa hiyo kila transista kubwa aliyoiingiza dukani aliiegemeza kwenye kikombe cha maji ya moto kutoka kwenye chupa, akaipima ikipata joto polepole. Iliyokufa aliitia nukta nyekundu kwa rangi ya kucha ya Rwamba, akaitupa kwenye kopo la mafuta ya Kimbo lililoandikwa WAGONJWA. Za kopo lile hazikuuzwa. Alitugawia sisi wanafunzi bure, tujifunzie kuchomelea nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa bila kuogopa kuunguza kitu cha maana. Mimi nilikuwa nazo tele kwenye kikopo changu cha kalamu.

Sasa tuje kwenye ile Jumapili ya Julai mwaka 1983. Unaijua kuliko mimi, lakini nivumilie niisimulie nilivyoiona. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi Kidato cha Tatu. Kanisa jipya lilikuwa linabarikiwa, Baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na kwa majuma mengi hakuzungumza lingine mezani ila amplifaya ambayo mwanawe ameiunda kwa mikono yake. Bwana Njuki alikuwa anakuja kutoka Embu, binamu wa katekista Riungu, mwenye karakana ya kutengeneza vipaza sauti. Alikuwa amemwahidi Baba kwamba kama kifaa chako kitadumu ibada nzima, angekuchukua wiki ileile ukajifunze kazi kwake. Nyumba nzima ilijua hivyo. Mama alikuwa amekwisha kukufulia shati la safari.

Zilibaki transista mbili kubwa za mwisho, na lazima ziwe jozi iliyolingana. Jumamosi asubuhi ulikuwa bado unapigilia sanduku misumari, ukanituma Makutano. Mzee alikuwa na jozi moja tu iliyofaulu mtihani wa chupa, na mzigo mwingine kutoka Nairobi ungefika baada ya wiki mbili. Akanifungia kwenye karatasi, akasema, "Ambia Kirimi hii ndio ya kanisa, asiogope." Nilikuletea transista mbili, ukazifunga, na alasiri ile uliiwasha amplifaya kwa nguvu mpaka majirani wakaja kusimama kwenye ua wa michai. Ulinishika mabega ukanizungusha kwa furaha.

Jumapili palikuwa na ukungu na manyunyu. Kanisa lilijaa, watu wakakaa nje chini ya turubai, na amplifaya yako ikawekwa juu ya meza karibu na dirisha. Katekista Riungu, kwa wema wake, aliona matone yanaangukia lile bati la kupooza joto, akavua koti lake zito akalifunika. Wimbo wa kwanza ulisikika mpaka kiwandani. Masomo mawili yakasomwa vizuri. Kisha Baba akasimama kusoma majina ya waliotoa mawe na mbao, na alipofika jina la sita au la saba, sauti ikakwaruza, ikanguruma, moshi ukatoka chini ya koti, kimya. Watu wa nje wakacheka. Baba aliendelea kusoma majina, midomo inacheza na hakuna aliyemsikia, mpaka padri akamgusa mkono. Bwana Njuki aliondoka kabla ya chakula.

Jumatatu tulikwenda dukani sisi watatu, Baba mbele. Uliziweka zile transista zilizoungua juu ya kaunta. Mzee Kivuti alizigeuza, akazisogeza mlangoni kwenye mwanga, akafuta masizi kwa kidole, hakuona nukta nyekundu. Hakubisha. Alisema labda ni macho yake, labda alichanganya kopo, na kwamba angekupa jozi nyingine mzigo ukija na kukutengenezea yote bure. Baba alimwambia mbele ya wateja kwamba mtu anayeuzia nyumba ya Mungu vitu vilivyokufa hana haja ya msaada wake. Jumapili iliyofuata akatangaza kanisani watu wajihadhari na duka la yule mzee wa Mbeere pale Makutano. Upande wetu wote wakaacha kwenda, ila mimi niliyeendelea kwa kificho. Mimi siku ile ya Jumatatu nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nimeshika kikapu cha Mama, na sikusema lolote.

Wewe ulinipa chuma chako cha kuchomelea na mita yako. Uliniambia mimi bado nina moyo wa mambo hayo, wako umeisha. Wiki iliyofuata ukaenda Timau kupakia magunia ya ngano, ukakaa huko miaka mitatu na nusu kwenye ile baridi, kisha Embu, kwenye stoo unayofanyia kazi mpaka leo, ukihesabu mbolea na misumari. Sijawahi kukusikia ukilalamika, na hilo ndilo lililonitafuna zaidi. Ukija Krismasi na redio ya Mama imekwama, unanisukumia mimi bila kuigusa.

Labda umesikia kwamba Mzee anafunga kwa sababu ya hizi redio za bei rahisi zilizojaa kila mahali. Kila mtu mjini anasema hivyo, na mimi nilisema hivyohivyo, mpaka wiki mbili zilizopita aliponikalisha akaniambia mwenyewe. Kinachomfunga ni hofu. Tangu mwaka ule hakuwahi tena kuyaamini macho yake. Kila transista aliyoipima mchana, Rwamba aliipima upya jioni, mama wa watu ambaye hata hakupenda mambo ya redio, kikombe kwa kikombe, kwa miaka kumi na mmoja. Hakumwuzia mtu transista kubwa mpaka mtu huyo asimame pale aone kwa macho yake ikipata joto, na watu wakachoka kusubiri. Akaniambia, "Mwarimu, nimechoka kuogopa mikono yangu." Kisha akanionyesha redio anayokuundia wewe, sanduku la mti wa muiri, kila kifaa kimepimwa mara tatu. Anataka akukabidhi kwa mikono miwili, akwambie pole, ndipo aende kwao akapumzike. Nikamwambia nitampeleka.

Kirimi, Mzee Kivuti hakuchanganya kopo. Aliniuzia jozi nzima, aliyoipima vizuri kwa macho mazuri. Nilizibadilisha mimi.

Niliingia nazo stoo ya kahawa ile Jumamosi kabla sijakuletea. Nilikuwa na amplifaya yangu mle, nyuma ya magunia, ile ya mashindano ya sayansi ya shule yaliyokuwa Alhamisi iliyofuata, na ilikosa jozi ileile kama yako. Nilichagua mbili kutoka kwenye kikopo changu cha wagonjwa. Nilizikwangua nukta nyekundu kwa wembe, nikazipangusa kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa, nikazifunga kwenye karatasi ya Mzee. Haikuchukua dakika tano. Nilijiambia Githongo ni baridi, Julai ni baridi, kitu hakitapata joto pale hata kikiimba mpaka jioni, na baada ya Alhamisi ningezirudisha zile nzima usiku mmoja umelala na hakuna ambaye angejua. Niliamini hivyo kweli. Ni ujinga ambao mtu wa Mombasa asingeweza kuufanya.

Usidhani sikuwa na kinyongo. Nilikuwa nacho. Mchoro wa ile amplifaya yako niliuchora mimi, kwa chaki, kwenye kaunta ya Mzee, na wewe ulijua, na kila mara Baba alipokusifu mezani wewe ulitabasamu tu na mimi nikaambiwa nikasaidie Mama kutoa vyombo. Nilitaka mara moja tu kitu changu kisikike. Nakuandikia hivi ili ujue yote. Si kwamba kinapunguza kosa.

Na kilisikika. Nilipata zawadi Alhamisi ile, mwalimu wa fizikia akanishika mkono, na kutoka hapo nikafika chuoni. Kila mwisho wa mwezi nikipokea mshahara nakumbuka.

Lililo baya kuliko hayo ni hili. Katekista alipoifunika amplifaya kwa lile koti, nilikuwa hatua sita kutoka mezani. Nilijua papo hapo. Nilikuwa na nusu saa nzima ya kwenda kuliondoa. Sikwenda, kwa sababu mtu angeniuliza kwa nini, na wewe ungenitazama. Nilisimama pale nikiimba. Na Jumatatu mzee aliposema labda ni macho yake, niliona neema imenishukia. Ndivyo nilivyohisi, kaka, nilishukuru. Aibu ilikuja baadaye, ikakaa.

Jana nilikwenda kumwambia. Nusu ya viberiti vilikuwa vimekwisha kuondolewa ukutani, ukuta nyuma yake una madoa ya gundi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama upande wa wateja. Alizima chuma chake, akakiweka kwenye kishikio, akamwita Rwamba kutoka nyuma. Alipofika akaniambia, "Rudia. Mama asikie."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu mno, kwa sababu Rwamba alikuwa ananitazama kwa upole akidhani nimekuja na habari za kuolewa. Nilipomaliza alimwuliza mumewe kwa Kimbeere kama ina maana zile jioni zote alizokuwa akipima zilikuwa bure. Rwamba akakaa juu ya boksi, akajifuta macho kwa khanga, akasema kumbe macho ya mzee wake yalikuwa mazuri siku zote. Alilisema mara mbili.

Mzee hakunifokea. Ningependa angenifokea. Aliniuliza tu ilikuwaje nikaja pale kila wiki, nikanywa chai yao, nikatumia chaki yao, nikaleta hata wasichana wangu wa shule waone viberiti, na miaka yote hiyo nikashindwa kufungua mdomo. Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa angenifukuza, na mimi sikuwa na mahali pengine kama pale. Akasema, "Na mimi je? Nilikuwa na pengine?"



Nilimsihi asifunge. Akasema chumba kimekwisha kupata mpangaji, mtu wa viatu vya mitumba, na hata kisingepata, anayerudi na kuanza upya ni mwenye miaka arobaini. Yeye ana sitini na saba. Safari ya Embu bado ipo. Redio ni yako kwa sababu aliiunda akikufikiria wewe, wala haoni mtu mwingine wa kumpa. Ila pole hatasema. Alisema pole ni yangu kuitoa, na yeye atakuwa ameketi pale akisikiliza. Kisha akaniambia nisikanyage dukani mpaka siku hiyo, na nilipotoka nilimsikia akifunga mlango kwa komeo, saa nane mchana, siku ya soko.

Kwa hiyo tarehe 27, kama saa tano hivi, tutafika wote watatu. Nitawabebea mizigo yao kutoka stendi. Najua utakuwa na hasira nami, na unayo haki, nami sitakuomba uipunguze. Miaka ile ya Timau siwezi kukurudishia, wala karakana ya Bwana Njuki. Nitasema yote kwa mara ya tatu mbele yako na mbele ya Nelius, nikiwa nimesimama. Mama nitamwambia Jumatano, nikiwa nimemchumia kwanza kahawa. Baba alikufa akiamini kwamba mzee wa Mbeere alimdhalilisha mbele ya kanisa, na hilo limekwenda naye.

Nina ombi moja tu, na silo langu. Mzee akifika mlangoni, usimngoje aseme. Wewe ndiye umsalimie kwanza, kwa jina lake, tena watoto wakisikia. Waambie ni fundi, kwamba kila alichokuuzia kilikuwa kizima. Hakuna mtu wa kwetu aliyemwambia hivyo kwa miaka kumi na mmoja, na ukimya huo niliuanzisha mimi. Ukitaka mimi nisiingie, nitangoja nje barabarani mpaka mmalize chai. Yeye na Rwamba wakaribishe.

Barua hii sitaisoma tena kabla ya kuifunga, maana nikiisoma nitaondoa kitu. Nisalimie Nelius. Nisalimie watoto, na yule mdogo umfunge kitambaa shingoni asubuhi kabla jua halijatoka. Kwa kawaida hapa mwisho huwa naandika kwamba mimi ni dada yako akupendaye. Ni kweli bado, lakini nitaliandika tena siku utakayoniambia kwamba naweza.

Ni mimi,
Kathure